Elimu ya Mkopo

Liko swali moja ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka jana, na kwa kuwa nimelijadili na walimu wenzangu mara nyingi tusikubaliane, naona afadhali nililete hapa ili wengine nao walipime. Swali lenyewe ni hili: Je, ni haki kumfundisha mtoto elimu ambayo hajapata bado chombo cha kuielewa? Nasema "ni haki", sisemi "yawezekana". Kuwezekana kwake twakuona kila mwaka, mitihani yafanywa na vyeti vyatolewa. Ninalouliza mimi ni kama mwalimu afanyaye hivyo amempa mtoto kitu kilicho chake kweli, au amemwazima nguo ya watu aingie nayo harusini.

Mimi hukaa Naliendele, mwendo wa kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, katika njia iendayo Newala. Wapitao njia hiyo hupajua mahali petu kwa ajili ya kituo cha utafiti wa kilimo, ambacho sifa yake ni mikorosho. Kazi yangu haimo katika mikorosho, ila ile michache iliyo nyuma ya nyumba. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nami nafundisha vidato vya juu, yaani cha 5 na cha 6.

Sharti nieleze kwanza jambo lilivyo, maana si wasomaji wote waliopita huko. Mtoto amalizaye kidato cha 4 akitaka kuendelea na sayansi huchagua masomo 3. Wako wachaguao Fizikia, Kemia na Hisabati. Hawa hujifunza hisabati kubwa. Na wako wachaguao Fizikia, Kemia na Biolojia, mchepuo ambao wenyewe huuita PCB. Na hapo ndipo wapatikanapo wengi wa madaktari wetu wa baadaye. Hao wa pili hawasomi hisabati kubwa, bali hupewa hisabati ndogo ya kuwasaidia, ile waiitayo BAM. Lakini fizikia yao ni ile ile moja. Kitabu ni kimoja, mtihani ni mmoja, wala msahihishaji haulizi huyu alisoma nini pembeni. Basi hutokea hivi: wiki za kwanza tu za kidato cha 5, mwalimu wa fizikia aandika ubaoni mambo yaliyotoka katika kalkulasi, yaani ile hisabati ya vitu vinavyobadilika, naye mwalimu wa hisabati, katika chumba cha pili, bado yu katika mambo ya mwanzo, na kalkulasi yake itafika baada ya miezi. Hata wale wa hisabati kubwa huwamo katika shida hiyo kwa kitambo, illa wao wajua kwamba msaada u njiani.

Mimi mwenyewe nilipita njia ya PCB. Shule sitaitaja, wala mwalimu wangu simlaumu, maana alikuwa mmoja kwa wanafunzi wengi. Alitufundisha kama alivyofundishwa yeye: kanuni iandikwe ubaoni, izungushiwe mstari kwa chaki ya rangi, isomwe kwa moyo. Nami nilikuwa na kichwa kizuri cha kukariri. Nilizijua zile kanuni kama mtoto mdogo ajuavyo wimbo wa lugha ngeni, sauti zote zimo na maana hamna. Nikafaulu, nikapongezwa, nikaenda kusomea ualimu. Huko ndiko nilikogundua, usiku mmoja nikitayarisha somo la mazoezi, kwamba kuna nusu moja katika kanuni ya kitu kiangukacho ambayo nimeiandika mara mia, na siijui imetoka wapi. Niliona haya, ingawa nilikuwa peke yangu chumbani.

Mtu angedhani kwamba aliyepatwa na hayo hatawatendea wengine vivyo hivyo. Mwaka jana, katika darasa langu la kidato cha 5, alikuwamo binti mmoja aliyetoka upande wa Msimbati, kwenye minazi mingi. Alikuja na nia moja tu, kuwa daktari. Wiki ya pili tulikuwa tukipima mvutano wa dunia kwa jiwe dogo lililoning'inizwa kwa uzi: wapima urefu wa uzi, wahesabu muda wa jiwe kwenda na kurudi, kisha waviingiza katika kanuni. Na kwa kuwa hapana kipimo kisicho na kosa, yabidi ukadirie pia kosa la jibu lako. Nikaandika ubaoni kwamba sehemu ya kosa katika jibu ni sehemu ya kosa la urefu, ukiongeza mara 2 sehemu ya kosa la muda. Yule binti akainua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Kwa nini la muda tulizidishe kwa 2, na la urefu tusilizidishe?"

Lilikuwa swali jema kuliko yote niliyoulizwa mwezi ule. Nami nikatazama saa, nikaona zimebaki dakika 6, nikamwambia, "Binti yangu, iandike hivyo hivyo. Mbele ya safari utaielewa." Akaandika.

Baada ya wiki kama 3 niliwapa jaribio, na swali moja lilikuwa jepesi kusudi: nazi imeanguka kutoka kileleni mwa mnazi, ikafika chini kwa sekunde 2, je, mnazi una urefu gani? Yule binti alijibu mita 40.

Naomba msomaji alitazame jibu hilo vizuri. Mnazi mrefu hufika mita 20, na ule wa kusimuliwa hufika 30. Huyu ni mtoto aliyelelewa chini ya minazi, awajua wakwezi kwa majina. Lau ningemtembelea kwao nikamwambia kwamba nimeona njiani mnazi wa mita 40, kwa adabu angegeukia pembeni acheke. Lakini katika karatasi yangu aliandika 40, akapiga mistari 2 chini yake, wala hakugombana nayo. Nilipomwita nikamwuliza kama amewahi kuona mnazi wa namna hiyo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nilidhani wa kwenye fizikia ni mwingine."

Neno hilo lilinichoma. Hapo ndipo nilipoona ubaya wa lile jibu langu la dakika 6. Hisabati sikumnyima, maana sikuweza kumpa kalkulasi nzima kwa dakika 6. Nilimfundisha jambo jingine lililo baya zaidi: kwamba katika chumba hiki mtu huandika asichokielewa na kunyamaza, na kwamba yale aliyoyajua kwa macho yake tangu utoto hayana kazi humu. Na huyu ndiye atakaye kuwa daktari. Mnazi wa mita 40 haumdhuru mtu. Lakini mtu apigaye hesabu ya dawa ya mtoto mchanga, akapata kipimo mara 2 au mara 10 ya kile kipasacho, asishtuke kwa kuwa kanuni ndivyo ilivyosema, kosa lake ni lile lile la mnazi, na huko hapana kalamu nyekundu ya kulirekebisha.

Jioni ile nilirudi darasani na karatasi ya miraba. Hatukugusa kalkulasi. Tulisema hivi: nazi inapoachia kikonyo haina mwendo wowote; mwisho wa sekunde ya kwanza mwendo wake ni kama mita 10 kwa sekunde; mwisho wa sekunde ya pili ni 20. Yule binti na wenzake walikuwa wametwaa ile 20 ya mwisho wakaizidisha kwa sekunde 2, kana kwamba nazi ilianza safari ikiwa mbio tayari. Lakini katika sekunde ya kwanza ilitoka 0 ikafika 10. Wastani wake ni 5. Basi ilikwenda mita 5. Katika sekunde ya pili ilitoka 10 ikafika 20. Wastani wake ni 15. Ikaenda mita 15. Jumla mita 20, na huo ni mnazi ambao mkwezi ataukubali. Kisha tukachora: sekunde chini, mwendo kando, na mstari ukapanda kama mteremko wa kilima. Eneo lililo chini ya mstari ni pembetatu, na hata mtoto wa shule ya msingi ajua kwamba eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Ile nusu iliyonitia haya usiku ule chuoni ilikuwa nusu ya pembetatu, tena ilikuwapo hapo siku zote.

Njia hiyo si uvumbuzi wangu. Galileo wa Italia alichapisha hesabu za vitu viangukavyo mwaka 1638, akitumia maumbo na mistari, na kalkulasi ilikuwa haijatungwa. Newton, aliyekuja kuitunga, alikuwa hajazaliwa. (Leibniz wa Ujerumani naye aliitunga kwa njia yake, wakagombana sana nani wa kwanza, ugomvi huo tuwaachie wenyewe.) Twaweza hata kusema kwamba kalkulasi ilipatikana kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuingia katika habari za mwendo wakakwama humo, wakahitaji chombo cha kuwatoa. Basi asemaye kwamba hisabati yote sharti itangulie, ndipo fizikia ifuate, asema neno zuri kwa kupanga vipindi, lakini mambo hayakutokea hivyo ulimwenguni.

Yuko mwalimu mmoja wa hisabati tunayefanya kazi pamoja, mtu mzima aliyenitangulia kwa miaka mingi, nasi vijana humwita Mzee. Yeye hakubaliani nami hata kidogo, na sina budi kuyatoa maneno yake kwa haki. "Mwalimu," aliniambia siku moja tukiwa chini ya mwembe, "wewe wamhurumia mtoto leo, na kesho utamwacha porini. Pembetatu yako yafaa kwa nazi. Akikutana na kitu ambacho mwendo wake wenyewe wabadilika ovyo, mstari wako utapinda, na pembetatu haitakuwapo tena. Asiyejua maana haambiwi maana. Mwache kwanza ajue." Kisha akanyosha mkono kuelekea mjini akaniuliza kama nimesahau bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili gani.

Sikusahau. Mwaka 1946 ulitumwa ujumbe mdogo kutoka Uingereza kutazama kama nchi hizi zafaa kwa kilimo kikubwa cha karanga. Ukazunguka kwa wiki kama 9, ukapeleka habari kwamba ekari zaidi ya milioni 3 zaweza kulimwa, nyingi katika Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea, kabla mvua na udongo wa mahali hapo havijapimwa vya kutosha. Mvua za Kongwa hazikuaminika, na udongo wake ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Bandari yetu, na reli iliyokwenda Nachingwea, zilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango huo, pauni zaidi ya milioni 35 zikiwa zimekwenda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. "Hao," alisema Mzee, "ni watu walioingia kidato cha 5 bila hesabu zake."

Nilikaa siku kadha wa kadha nikiyafikiri maneno hayo, maana ni mazito. Lakini mwisho sikukubali kwamba kosa la watu wale lilikuwa kuanza kabla ya kujua yote. Hapana mkulima ajuaye yote. Jirani yangu hapa Naliendele akipewa mbegu mpya hupanda tuta moja, akaliangalia msimu mzima, na moyoni mwake ajua kwamba hajui. Wale waliweka makadirio mahali pa vipimo, kisha wakayaita vipimo. Walikopa bila kuandika deni mahali popote; na deni lisiloandikwa ndilo lile la kukopa harusi, kulipa matanga.

Tena nilimkumbusha Mzee kwamba safari hii tunayoibishania, sisi wenyewe tumekwisha kuifanya. Watoto wetu walio wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wakiingia kidato cha 1 sayansi yote huja kwa Kiingereza, kabla hawajakijua Kiingereza cha kutosha kununulia chumvi. Mimi na yeye tulijifunza habari za nguvu, na joto, na nuru, kwa lugha tuliyokuwa bado twaipapasa kama mtu aingiaye chumba cha giza. Hakuna aliyetuambia tungoje. Na kama tungengoja, pengine hata leo tungekuwa twangoja. Wengi walipotea njiani, hilo ni kweli, wala silitetei. Lakini waliofika, wengi wao walifika kwa sababu alikuwapo mwalimu asiyeona haya kusimama katikati ya somo na kusema kwa Kiswahili, "Maana yake ni hivi." Mzee alicheka akasema hilo ni shauri jingine. Mimi naona ni lile lile.

Na iko hatari ya upande wa pili. Mzee aamini kwamba hisabati ikitangulia humlinda mtu asidanganyike. Basi na tukumbuke habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha 3 katika shule ya Magamba, upande wa Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza barafu ya maziwa: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe ndipo wayaingize katika friji. Siku moja nafasi ilikuwa haba. Mpemba akaogopa kukosa, akayaingiza yake yakiwa moto. Baada ya kitambo akakuta yake yameganda, na ya mwenzake, ambaye hakuyachemsha, hayajaganda. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, wakafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, ambayo ni kanuni ya kalkulasi, akauliza tena. Na mwalimu, aliyekuwa na kanuni mkononi, akamjibu kwa mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaipokea kuwa utani. Hata alipokuja mgeni, Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, Mpemba akasimama mbele ya wenzake akauliza lile lile, nao wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akaamuru lijaribiwe, na mwaka 1969 wakatoa makala pamoja. Mpaka leo wataalamu wabishana: wako wasemao jambo hilo lipo, na wako waliopima wasilione. Mimi sina la kuamua. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba aliyekuwa na hisabati alifunga mlango, na aliyekuwa bado kuipata ndiye aliyetazama. Mwalimu yule na binti yangu wa Msimbati walikuwa na ugonjwa mmoja. Wote wawili waliiacha kanuni iwaambie wasiamini macho.

Kadhalika Michael Faraday wa Uingereza, mwana wa mhunzi, aliyefundishwa kazi ya kujalidi vitabu, karibu hakuwa na hisabati kabisa. Hata hivyo mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku ikipitishwa karibu na waya huamsha umeme ndani yake. Na mitambo iendeshwayo kwa gesi ya Mnazi Bay, ituleteayo taa hapa Mtwara, yafanya kazi kwa jambo lilo hilo. Miaka mingi baadaye kijana Maxwell akayavika mawazo yake hisabati. Mwaka 1857 Faraday, mzee sasa, alimwandikia Maxwell barua akimwuliza kama wana-hisabati hawawezi, wakimaliza hesabu zao, kuyasema waliyoyapata kwa maneno ya kawaida, ili watu kama yeye nao wayatumie. Hakujifanya kujua asichojua. Alijua mpaka wa shamba lake ulipo, akasimama pale akauliza. (Sisemi kwamba kila mtoto asiyependa hesabu ni Faraday. Nimekwisha kuwasikia wakilitumia jina lake kwa uvivu.)

Basi, tangu habari ile ya mnazi nimeweka desturi darasani. Kila mwanafunzi hugeuza daftari lake la fizikia, na juu ya ukurasa wa mwisho huandika neno "Madeni". Kanuni yoyote niiandikayo ubaoni ambayo hisabati yake hawajaifikia, siipiti kimya. Nasema, "Hii tunakopa." Nao huandika tarehe, na kanuni, na mahali hasa palipo na giza: si kwamba "sielewi", maana neno hilo halimsaidii mtu, bali "sijui 2 hii imetoka wapi", au "sijui kwa nini alama hii imesimama hapa". Nikiweza kuwajengea daraja dogo la mti, kama lile la pembetatu, nalijenga. Nisipoweza, nasema siwezi.

Na yako madeni ambayo pembetatu haiyawezi kweli. Hapo Mzee ana haki yake. Katika kidato cha 6 tutafika kwenye vitu vitoavyo mnururisho, ambavyo hupungua kwa nusu, kisha kwa nusu ya nusu. Kaboni ya namna ile ya 14 hubaki nusu baada ya miaka kama 5,730. Hilo naweza kulionyesha hata kwa kukata chungwa. Lakini kitabu hakisemi kwa chungwa. Chasema kwa ile namba ianzayo 2.718, na ukitaka kujua namba hiyo yafanya nini hapo, sharti upite katika kalkulasi, hapana njia ya mkato. Wako watakaomaliza kidato cha 6, wakawa wauguzi wema, na deni hilo likabaki limeandikwa daftarini mpaka karatasi iwe ya manjano. Je, hao wamedhulumiwa? Zamani nilidhani ndiyo. Siku hizi nadhani aliyedhulumiwa ni yule aliyetoka na kanuni hiyo akidhani ni yake. Yule ajuaye kwamba ameazimwa, ataishika kwa uangalifu, na jibu likija la ajabu atamtafuta mwenyewe wa kumwuliza.

Sina budi kukiri kwamba desturi hii yala muda. Mtaala ni mrefu, mtihani hauulizi habari za ukurasa wa mwisho, na mara nyingine nimekuwa nyuma ya shule nyingine kwa wiki 2 nzima, nikaulizwa ofisini. Ziko siku nimechoka, nami huiandika kanuni nikaipita kama zamani. Watoto ndio wanikumbushao: "Mwalimu, hii tunakopa?" Na Mzee, ambaye bado asema nakosea, huja siku za Ijumaa kuazima daftari moja au mawili. Asema ataka kuona tumekopa nini wiki hii, ili kalkulasi yake ikifika ajue wa kumlipa.

Mwezi wa Februari mwaka huu yule binti alikuja ofisini, akaniamkia, akafungua daftari kwa nyuma. Deni lake la kwanza, ingawa aliliandika baada ya siku nyingi, lilikuwa lile la dakika 6. Alikuwa amechora mkeka wa mraba, sentimita 100 kwa 100. Eneo lake 10,000. "Sasa, Mwalimu, tuseme nimekosea kupima, kila upande ukawa 101. Eneo limekuwa 10,201. Kosa la upande ni 1 katika 100, lakini kosa la eneo ni kama 2 katika 100, kwa sababu mkeka umekua pande 2. Na muda katika kanuni ile umezidishwa kwa wenyewe, kama upande wa mkeka. Urefu wa uzi haukuzidishwa." Akachukua rula, akalikata deni kwa mstari ulionyooka.

Lakini hakuondoka. Akaweka kidole kwenye pembe ya mchoro. "Vipande virefu ni 100 na 100, jumla 200. Pembeni hapa ipo 1. Mimi nimeitupa ili nipate 2 katika 100, na Mzee naye kwenye kalkulasi jana aliitupa. Kwa nini ni halali kuitupa?"

Nilitazama saa, kwa mazoea. Kisha nikamvutia kiti, nikamwambia aiandike chini ya ule mstari. Nami nikamwomba kalamu, nikaiandika katika daftari langu.